Viatu vya Anayetembea Nyuma

Jumatatu ile ilikuwa imeahirishwa mara nyingi hata watu wakaizoea, kama mtu anavyomzoea mgeni aliyesema analala siku moja. Katika mji ule siku haimalizwi na jua. Humalizwa na Mheshimiwa, hakimu wao, anapogonga meza na kusema imekwisha, na Mheshimiwa, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alikuwa hajagonga. Jua lilizama, likasubiri kidogo upande wa pili, likaona hakuna aliyelifungia shauri lake, likarudi. Watoto waliozaliwa Jumatatu asubuhi walikuwa wameota meno. Wachumba waliopanga kuoana Jumamosi walikuwa wameanza kununiana kama watu wa ndoa ya siku nyingi, kwa hiyo pengine hawakukosa kitu.

Siku hiyo ndiyo Nyamizi alipoambiwa kwamba yeye ni kiongozi.

Alikuwa njiani, nyuma ya Kondo, anafanya kazi yake ya kukanyaga pale alipokanyaga mwenzake. Nyamizi alikuwa afisa wa uangalizi. Kwingine, wasemavyo waliosafiri, afisa wa uangalizi ana meza na kiti, na aliyepewa kifungo cha nje huja kuripoti, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu nzuri, akaondoka. Mji ule haukuwa na meza hiyo, wala haukuwa na jela. Mahakama yake ikimtia mtu hatiani humnyang'anya nyayo. Unavuliwa viatu mbele ya Mheshimiwa, unakanyaga sinia la majivu, sinia linafunikwa kawa, na kuanzia hapo ardhi haikujui tena. Unaweza kupita kwenye tope la kunasa gari, tope likabaki limelala kama halijaguswa. Mwizi akisikia hivyo anaweza kuchekelea, na wapo waliochekelea mwanzoni. Baadaye walilia, kwa sababu watu wa mji ule hawaamini macho, wanaamini udongo. Mtu asiye na nyayo hakufika. Akienda msibani, wafiwa wanamwekea kinyongo kwamba hakuja, naye yuko palepale mkekani anakula ubwabwa wao. Akilala nyumbani kwake, asubuhi mkewe anatazama kizingitini, haoni alama, anamuuliza ulilala kwa nani.

Ndipo sheria ikaona huruma ikaumba maafisa wa uangalizi. Kazi yao ni kutembea nyuma. Mhukumiwa anakwenda mbele, popote masharti yanapomruhusu, na afisa anaweka mguu palepale mwenzake alipoutoa, ili ardhi ishuhudie japo jambo moja: kwamba hapa palipita mtu. Si yeye hasa, lakini mtu. Polepole, mhukumiwa akitengemaa, nyayo zake zinaanza kurudi. Kwanza kisigino. Kisha ubavu wa mguu. Vidole huja mwisho, maana vidole ndivyo vinavyojua mtu anakwenda wapi. Afisa akiondolewa kabla vidole havijatoka, kilichorudi kinafutika chote, na mhukumiwa anarudishwa kwenye sinia la majivu kuanza upya na afisa mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waliouliza kwa nini waliahirishwa.

Kondo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mabega, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega hayo. Kosa lake lilitokea makaburini. Siku ya kumzika mama yao, yeye na kaka yake Pazi waligombania nani ashuke kaburini kumpokea marehemu, kila mmoja anadai mama alimpenda yeye zaidi, na katika kuvutana huko Kondo akanyanyua mpini wa jembe. Pazi hasikii tena kwa sikio la kushoto. Mama walimpokea majirani. Masharti ya Kondo yalikuwa machache: afanye kazi, asinywe, na asikanyage uchochoro anaokaa Pazi. Nyamizi alikuwa amemfuata tangu Jumatatu ikiwa bado changa, na asubuhi hiyo, au asubuhi nyingine ya Jumatatu hiyohiyo, aliona kitu kwenye vumbi mbele yake. Kisigino. Hafifu, kama mtu aliyebonyeza unga kwa dole gumba. Alikiruka asikiharibu, na kwa kukiruka nusura aanguke kifudifudi mbele ya wauza karanga.

Hajakaa sawa, Mwinjuma akatokea anakimbia. Mwinjuma ni yule karani anayesimama mlangoni mwa mahakama kuita majina ya wenye mashauri, mwembamba, na sauti yake inafika mtaa wa pili kabla yake. Watu walikuwa hawajawahi kumwona anakimbia. Alikuwa akisema kwamba mtu wa serikali akikimbia, raia wanadhani kuna jambo.

"Dada Nyamizi, simama nikupongeze."

"Siwezi kusimama. Kondo hajasimama."

Kondo aliposikia jina lake akasimama, na Nyamizi akasimama, na Mwinjuma akacheka mpaka akashika kiuno. Alisema amekwishaona mengi katika utumishi lakini hajaona mshindi wa namna hii. Mshindi wa nini, Nyamizi aliuliza. Mwinjuma akajiweka sawa, akavuta pumzi kama anaita shauri, akatangaza kwa sauti ya mlangoni kwamba Tuzo ya Uongozi Uliotukuka, kwa watumishi wote wa mahakama na uangalizi, makarani kwa maafisa, walinzi kwa wapiga chapa, imekwenda kwa Nyamizi, na kwamba anatakiwa kufika kuvaa viatu.

Kiongozi. Nyamizi alilirudia neno hilo moyoni likamkwama kama kibanzi. Kiongozi ni mtu wa mbele. Mimi nimeuona mji huu wote kwa kuchungulia ubavuni mwa watu. Najua migongo. Niulize mgongo wa Kondo nitakwambia leo kala au hajala. Niulize uso wake, hapo lazima nifikirie.

Aliuliza amemwongoza nani. Mwinjuma akasema hilo wapima nyayo wamekwishalimaliza. Walizunguka mji mzima na kamba zao, wakapima gereji, hospitali, misikiti na makanisa, matanga na harusi, kila mahali walipofika wahukumiwa waliotengemaa. Na kila mahali walikuta nyayo za mtu mmoja tu, za mwanamke, mguu mwembamba, dole la pili refu kuliko gumba. Zinaingia gereji, zinatoka. Zinaingia zahanati, zinatoka. Wale wahukumiwa walifika huko, hilo linajulikana, maana kazi zilifanyika na dawa zilinywewa. Lakini ardhi inamjua mmoja. Kwa hiyo, wakahitimisha wapima nyayo, yeye ndiye aliyetangulia na wenzake wakamfuata.

"Lakini mimi nilikuwa nyuma," alisema Nyamizi.

"Nyuma ya nani? Ardhi haimwoni mtu mbele yako."

Mwinjuma hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa anacheka bado. Ila kicheko kilimkatika alipomtazama Kondo, ambaye alikuwa ameinamia mguu wake mwenyewe, na taratibu akauweka mguu wa pili juu ya kisigino kingine kilichotokea mavumbini chini yake, kama mtu anayeficha sarafu.

"Basi mimi narudi kwenye majivu," alisema Kondo kwa ile sauti yake ndogo.

Ndivyo ilivyo. Mshindi wa Tuzo hapelekwi nyumbani. Anavishwa viatu vya shaba, soli zake laini kama kioo, anapandishwa Ghorofa ya Juu, na miguu yake haigusi tena udongo.

Nyamizi akasema anakwenda kukataa.

*

Ghorofa ya Juu ina kibaraza kirefu kilichoegemea barabara, na washindi wa Jumatatu zilizopita wameketi hapo ukingoni, wananing'iniza miguu. Kutoka chini huoni nyuso zao. Unaona miguu tu, safu nzima, shaba inang'aa, inapungapunga kama ya watoto waliokalia benchi refu kuliko wao. Watu hupita chini yake wakiwa wameinamisha vichwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa kupigwa teke. Nyamizi alipopita, sauti ya mwanamke ikamwita kutoka juu, na akaitambua. Ilikuwa ya yule aliyemfundisha kazi, aliyempa somo la kwanza kwamba usimguse mtu wako hata akijikwaa, mwache ajue jinsi mtu anavyojikwaa. Mwalimu huyo alipewa Tuzo zamani. Wahukumiwa wake walirudishwa kwenye majivu wote, na mmoja wao hakusubiri afisa mpya, alitembea tu mpaka hakuna aliyejua alipo, maana utamtafutaje.

"Mwanangu, huko chini bado kuna matope?"

Nyamizi akasema yapo.

"Yakoje?"

Matope yakoje. Ni kitu gani hicho cha kumweleza mtu. Nyamizi akasema yanateleza, na kule juu miguu ile miwili ikaacha kupunga, kisha ikaanza tena.

Nyamizi aliendelea kutembea. Alijiuliza kama mwalimu wake naye alikwenda mahakamani kukataa, na kama alikataa vizuri sana hata wakaona ni mtu wa kipekee. Alijiuliza kama safu nzima ile ni watu waliokataa. Kondo alikuwa mbele yake anatembea kuelekea mahakamani, na ghafla Nyamizi hakuwa na hakika kama anakwenda huko kwa sababu anataka, au kwa sababu amesikia yeye anataka. Mguu wa Kondo uliinuka. Mguu wa Nyamizi ukashuka. Nani hapo anamvuta mwenzake? Kamba ina ncha mbili, lakini ukiitazama katikati huwezi kusema inakwenda upande gani.

*

Mahakamani walimpandisha kizimbani. Si kwa ubaya, Mwinjuma alimnong'oneza, ila chumba kile hakina mahali pengine pa kusimama mtu mwenye neno. Ukitaka kushukuru, kizimbani. Ukitaka maji, kizimbani. Kondo alikaa kwenye benchi la mbele, miguu ameikunja chini ya benchi.

Mheshimiwa siku hiyo alikuwa bibi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nyamizi alipomaliza kuapa, Mheshimiwa alikuwa kijana mwenye kwikwi. Watu hawakushtuka. Joho lilikuwa lilelile na meza ileile, na waliokuwa wakisimama walikuwa wakisimama kwa heshima ya joho. Mezani palikuwa na viatu vya shaba, vimewekwa pua zikimwelekea Nyamizi.

Mheshimiwa alisema mahakama hii imezoea watu wanaokana makosa, lakini haijawahi kumpata anayekana sifa, na kwa kuwa haina utaratibu mwingine, itatumia uleule. Sifa imethibitishwa na ardhi. Ana lipi la kusema?

Nyamizi alisema kweli. Alisema hajamtangulia mtu hata mara moja. Njia hakuichagua yeye. Kondo alikwenda gereji, yeye akafika gereji. Kondo alikwenda kuchota maji, yeye akafika bombani. Angekwenda kuruka dirishani, naye angelazimika kufikiria. Watu wakacheka kidogo, Mheshimiwa akapata kwikwi.

"Afisa," akasema ilipopita, "mchunga ng'ombe anatembea wapi?"

"Nyuma, Mheshimiwa."

"Na ng'ombe wanakwenda anakotaka nani?"

Nyamizi hakuwa amelitazamia swali hilo, na ubaya wake ni kwamba halikuwa la kijinga. Lilimwingia likateremka mpaka mahali ambapo alikuwa ameficha kitu bila kujua kwamba amekificha. Ni ile njia panda ya kilabuni. Kushoto unakwenda kwa wauza gongo, kulia unakwenda gereji. Kondo alisimama hapo asubuhi moja, mdomo umemkauka, uso sijui ulikuwaje lakini mgongo ulikuwa umeelekea kushoto wote. Na Nyamizi akakohoa. Alikohoa tu. Kondo akashusha mabega akaenda kulia.

Kile kikohozi kilikuwa cha kifua au cha kazi? Palikuwa na vumbi. Palikuwa na moshi wa mkaa pia, nakumbuka. Mtu hawezi kukohoa katika dunia hii bila kuwa mchungaji? Na mara ile nilipovuta kanga yangu. Na mara ile nilipopunguza mwendo, naye akapunguza, tukachelewa, kumbe kulikuwa na ugomvi kule mbele tukaukosa. Nilijua? Sikujua. Mgongo wangu ulijua? Yeye alinisikia nyuma yake muda wote, anapima pumzi zangu kama mtu anayepapasa ukuta gizani, nami najisifu kwamba namwacha awe huru. Labda wapima nyayo hawakukosea. Labda udongo una akili kuliko mimi. Kama ni hivyo, viatu ni vyangu. Kama viatu ni vyangu, kisigino cha yule pale kinafutika. Na kama kisigino kinafutika kwa sababu mimi nilikohoa, basi hukumu yangu ni ipi, maana aliyemwongoza mtu vizuri ndiye anayemrudisha majivuni.

Akasema kwa sauti kwamba hajui.

Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa bibi tena, alitazama juu ya miwani. Alisema hilo ni jibu la kwanza la maana tangu Jumatatu ianze. Kisha akatoa amri. Kondo atoke aende popote anapotaka. Masharti yake yote yamewekwa kando kwa safari hii moja. Nyamizi amfuate, bila neno, bila kikohozi, bila kuvuta kanga. Mwinjuma afuate nyuma na viatu mkononi, na achunge. Kondo akigoma kwenda, au Nyamizi akimwelekeza hata kwa kupiga chafya, viatu vivaliwe palepale. Kondo akienda mwenyewe mpaka mwisho wa anakokwenda, Tuzo itakuwa imekosa mtu.

"Haya," akasema Mheshimiwa. "Nenda."

Kondo akasimama. Akaishia hapo. Alisimama katikati ya chumba kama geti lililoletwa bila nyumba. Tangu akanyage majivu hakuna aliyewahi kumwambia aende popote anapotaka. Aligeuka polepole akamtazama Nyamizi, na macho yake yalikuwa yakiuliza waziwazi kama ya mtoto mbele ya sufuria la moto, niguse au nisiguse. Watu wote wakaona. Mwinjuma, maskini, akaviinua viatu akaanza kuvifuta kwa mkono wa shati.

Nyamizi alihisi uso wake unataka kusema kitu. Uso ni msaliti, una kope na midomo, unatoa maelekezo mwenyewe. Akaupeleka ukutani. Alisimama kizimbani amewapa watu wote mgongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi mtu mwingine ndiye aliyekuwa anamsoma mgongo. Akajitahidi mgongo nao usiseme. Alikaa hivyo muda mrefu. Ukutani palikuwa na mjusi, na mjusi naye alikuwa hajui aende wapi.

Kisha akasikia hatua zinaelekea mlangoni.

*

Kondo alitoka mlangoni, akapita chini ya miguu inayopungapunga, akaelekea sokoni. Nyamizi akaanza nyuma yake, mguu palipotoka mguu. Nyuma ya Nyamizi, Mwinjuma anatembea na viatu amevikumbatia kifuani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mwinjuma aliambiwa achunge, hakuambiwa anyamaze, kwa hiyo alikuwa ananong'ona. Alibahatisha kwamba jamaa anakwenda gereji. Wakaipita gereji. Akabahatisha kilabuni, akasema akifika huko basi na sisi tupumzike. Kwenye njia panda Kondo hakusimama hata kidogo, wala hakwenda kushoto wala kulia. Alikata katikati, kwenye kinjia kilicho kati ya kuta mbili ambacho Nyamizi alikuwa hajawahi kukiona, akiwa amepita pale mara zisizohesabika.

Hapo akashtuka. Alikuwa amejiaminisha kwamba anaijua kila njia ya mtu huyu.

Kinjia kiliwatoa kwenye uwazi wenye bomba na wanawake wanaofua, na upande wa pili wa uwazi ule palikuwa na uchochoro. Mwinjuma akaacha kunong'ona. Kila mtu wa mahakama aliujua uchochoro ule. Mwisho wake ni kwa Pazi.

Mikono ya Kondo ilikuwa mifukoni, na Nyamizi hakuweza kuona kama imekunjwa. Aliutazama mgongo wake. Mgongo alioujua kuliko wake mwenyewe, mgongo uliokuwa ukimwambia njaa, uchovu, kiu, hasira. Sasa ulikuwa mgongo tu. Kitambaa na mabega. Haukusema lolote.

Nikimwita atasimama, alifikiri. Hilo nina hakika nalo. Neno moja tu, hata jina lake. Atasimama, hatafika kwa Pazi, Pazi atabaki na sikio lake moja zima, mimi nitavaa viatu, yeye atakanyaga majivu, na wote tutakuwa salama, kila mtu mahali ambapo hakutaka. Nisipomwita. Nisipomwita, ama anakwenda kumalizia alichokianza makaburini, nami nikiwa shahidi niliyekaa kimya kwa ajili ya kisigino. Ama anakwenda kufanya jambo jingine, ambalo silijui, kwa sababu silo nililomfundisha. Mungu wangu, kwani nilimfundisha nini?

"Dada," Mwinjuma alisema karibu na shingo yake, na safari hii hapakuwa na utani katika sauti ile, "mwite. Viatu si kifo. Mwite huyo."

Nyamizi aliingiza pindo la kanga mdomoni akaling'ata.

Uchochoro ulikuwa na matope ya maji ya kufulia, meusi, laini. Kondo akaingia. Nyamizi akainua mguu wa kulia kuuweka pale alipotoka mwenzake, akaangalia chini, akauzuia hewani. Palikuwa na kisigino. Palikuwa na ubavu wa mguu, umejipinda kama mwezi mwandamo. Na juu yake vidole, vyote, vinene, vimezama topeni kwa uzito wa mtu mzima anayekwenda mahali. Mbele yake ulikuwepo mwingine. Na mwingine. Maji yalikuwa yanaanza kujaa ndani yake taratibu.

Akikanyaga hapo, angevivunja. Akikanyaga pembeni, angekuwa anakwenda zake. Alibaki amesimama kwa mguu mmoja mdomoni mwa uchochoro, na Mwinjuma aliyekuwa akitazama mbele akamgonga kwa viatu vya shaba mgongoni.

Kondo alifika mlangoni. Akatoa mkono mmoja mfukoni akabisha. Ndani mtu akauliza nani, hakujibiwa, akaja mwenyewe. Pazi alikuwa mfupi kuliko mdogo wake, amevaa msuli, na alipofungua aligeuza kichwa upande, kama wafanyavyo watu wanaoleta sikio zima mbele. Hakupiga kelele. Alisimama ameshika ubao wa mlango, vidole vimekuwa vyeupe.

"Umekuja na nani?"

Kondo aligeuka. Alitazama uchochoro wote mpaka mwisho wake, pale alipokuwa Nyamizi na mguu wake hewani, na Mwinjuma na viatu vyake. Aliwatazama sawasawa. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mwenyewe."

Pazi, kama mtu yeyote wa mji ule, hakumwamini mpaka alipotazama chini. Alizifuata zile nyayo kwa macho tangu mlangoni pake hadi mwisho wa uchochoro, akatafuta nyingine pembeni yake, hakuziona. Alirudi nazo polepole, moja baada ya moja, mpaka kwenye miguu yenyewe, miwili, michafu, imesimama kizingitini kwake. Ilionekana ana maneno mengi ya tangu makaburini na hajui lipi litangulie.

"Futa miguu, basi," akasema. "Ndani wamepiga deki."

Kondo akaangalia miguu yake. Tangu majivu yale hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Nyumba za watu alikuwa akiingia na kutoka, na sakafu zao hazikumwona. Palikuwa na gunia mlangoni. Akaanza kujifuta, mguu huu, kisha huu, kisha ule wa kwanza tena, vizuri, anarudia kati ya vidole, hana haraka, na Pazi amesimama anamngoja. Halafu mlango ukafungwa. Nyamizi alisikiliza. Alisubiri kishindo, akasubiri kilio, akasikia kiti kinavutwa.

Bado hakujua. Labda kiti kilivutwa ili mtu akae. Viti huvutwa kwa mambo mengi.

Mwinjuma alikohoa, akauliza taratibu viatu avipeleke wapi sasa. Nyamizi alikuwa ameushusha mguu hatimaye, kando ya nyayo za Kondo, na ulikuwa unazama kwenye matope baridi. Akautazama. Alitaka kuondoka pale, hilo alikuwa na hakika nalo, lakini mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu, na alisimama anajaribu kukumbuka mtu akiwa hamfuati mtu huanza na mguu gani.